Baiskeli katika mikoa ya Shinyanga na Geita

Baiskeli katika mikoa ya Shinyanga na Geita ni chombo cha usafiri, cha kubebea mizigo na cha kujipatia riziki kwa watu wengi wa ukanda huu wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Viktoria. Mji wa Shinyanga unajulikana nchini kwa baiskeli zake, hasa zile zinazobeba abiria kwa malipo. Wenyeji huziita daladala, jina ambalo kwingineko Tanzania ni la mabasi madogo.

Katika miji mingi ya dunia serikali hujenga njia za baiskeli kwa matumaini kwamba waendeshaji watapatikana baadaye. Shinyanga ni kinyume chake: waendeshaji wapo tangu zamani, njia ndiyo haijaja. Kwa hiyo suala la kujenga utamaduni wa baiskeli katika ukanda huu si la kuwafundisha watu kupenda baiskeli. Ni la kuhakikisha kwamba barabara mpya za lami, nyingi zikiwa zimeletwa na pamba, dhahabu na malori ya kwenda nchi jirani, haziwaondoi barabarani watu waliokuwa wakizitumia kabla ya lami.

== Ardhi na umbali ==

Sehemu kubwa ya mkoa wa Shinyanga ni uwanda ulio kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, wenye vilima vya mawe vilivyotawanyika na mbuga pana katikati. Mvua ni chache kuliko upande wa Geita, na kiangazi ni kirefu. Kwa miezi mingi ya mwaka njia za vumbi huwa kavu na ngumu, na mtu anaweza kwenda kilomita nyingi bila kushuka kusukuma baiskeli mlimani.

Masika hubadilisha mambo. Udongo mweusi wa mbuga hunata kama gundi. Hujaa kati ya gurudumu na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na ndiyo sababu baiskeli nyingi za vijijini hazina madigadi kabisa. Mgeni hudhani yameibwa.

Jambo la pili ni namna watu wanavyoishi. Kaya za Wasukuma kwa desturi hazibanani. Kila mji huwa na mashamba yake na malisho ya ng'ombe karibu, na jirani yuko ng'ambo ya shamba. Uhamisho wa kwenda vijijini wa miaka ya 1970 uliwakusanya watu, lakini baadaye wengi walirudi kutawanyika. Matokeo yake ni kwamba kisima, zahanati, mnada, mashine ya kusaga na shule viko mbali, ila si mbali kiasi cha kuhitaji basi. Umbali wa kilomita 4 hadi 15 ndio hasa umbali wa baiskeli. Kwenye ardhi tambarare, mtu akitumia nguvu ileile anayotumia kutembea huenda mara tatu hadi nne zaidi akiwa juu ya baiskeli.

== Historia ==

Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na kilimo cha pamba kilienea Usukuma katika miongo iliyofuata. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima walijiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Fedha za pamba ziliingia mara moja kwa mwaka. Msimu wa kuuza pamba ulikuwa pia msimu wa kununua bati, ng'ombe na baiskeli, na baiskeli yenyewe ilikuwa ndiyo inayobeba pamba kutoka nyumbani hadi ghala la chama.

Baiskeli za mwanzo zilikuwa za Kiingereza, hasa Raleigh kutoka mji wa Nottingham. Baada ya uhuru kampuni ya umma ya NABICO iliyokuwa Dar es Salaam ilitoa baiskeli zenye jina la Swala, na katika miaka ya uhaba mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 tairi au cheni mpya ilikuwa bidhaa ya kutafutwa kwa udi na uvumba. Biashara ilipofunguliwa, soko likajaa baiskeli za Hero na Avon kutoka India na Phoenix kutoka China. Umbo lake halijabadilika sana tangu enzi za ukoloni: magurudumu ya inchi 28, fremu ndefu ya chuma, breki za vyuma badala ya waya, na keria nyuma. Huko zilikotoka watu wengi wamehamia kwenye baiskeli nyepesi zenye gia. Hapa umbo hilo la zamani limedumu kwa sababu nzuri: chuma kizito kinachomeleka kwa urahisi, na kila fundi chini ya mwembe anakijua.

== Daladala za Shinyanga ==

Wazo la kubeba abiria kwa baiskeli kwa malipo lina historia katika Afrika Mashariki. Neno bodaboda lilizaliwa mjini Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, pale vijana walipovusha watu na bidhaa kati ya vituo viwili vya mpakani kwa baiskeli. Pikipiki zilirithi jina baadaye. Shinyanga, hata hivyo, baiskeli ya abiria iliitwa daladala, na jina likashika.

Daladala hutambulika kwa kiti chake. Keria huwekewa godoro dogo lililovikwa turubai au plastiki ya rangi, na vyuma viwili vya kukanyagia huchomelewa karibu na ekseli ya nyuma. Waendeshaji hukaa kwenye vijiwe: stendi, sokoni, hospitali, njia panda. Wengine humiliki baiskeli zao. Wengine huendesha ya mtu na kupeleka hesabu kila jioni, na kinachozidi ni chao. Kijana aliyemaliza shule bila mtaji anaweza kuanza kazi hii asubuhi na kula jioni. Hahitaji petroli, na chombo kikiharibika ukarabati hauzidi mapato ya siku chache.

Pikipiki zilipoanza kuingia kwa wingi kutoka China na India baada ya mwaka 2005, na kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu zibebe abiria kwa leseni, wengi walitabiri kwamba daladala zingekwisha. Zimepungua, lakini hazikufa. Abiria wa safari fupi mjini, mama anayetoka sokoni na kapu, na mtu asiyependa mwendo wa pikipiki bado huzichagua kwa sababu nauli ni nafuu. Mwendesha daladala hushindana kwa nauli tu, maana kwa mwendo hawezi. Ndiyo maana kila hatua inayomchelewesha au kumwongezea hatari inakula moja kwa moja kwenye kipato chake.

== Mizigo, mafundi na keria ya nondo ==

Abiria ni sehemu ndogo tu ya kazi ya baiskeli katika ukanda huu. Mkaa, kuni, maziwa, mahindi, dagaa, mikungu ya ndizi, mbuzi na matofali vyote hupanda keria. Kwa muda mrefu mzigo mkubwa kuliko yote ulikuwa maji. Madumu ya lita 20 yalifungwa mawili kila upande na pengine moja juu, na mzigo huo wa kilo 100 ulisukumwa kutoka lambo au kisima cha mbali. Mradi wa maji ya Ziwa Viktoria unaochukua maji Ihelele na kuyafikisha Kahama na Shinyanga, uliozinduliwa mwaka 2009, uliwapunguzia mzigo huo wakazi wa miji hiyo. Vijiji vilivyo mbali na bomba vimeendelea na madumu.

Baiskeli inayotoka dukani haikuundwa kwa mizigo hiyo, kwa hiyo haiendi barabarani kabla ya kupita kwa fundi. Fundi huondoa keria ya kiwandani na kuweka ya nondo. Huongeza bomba la pili chini ya bomba la juu la fremu, huchomelea vipande vya kuimarisha uma wa mbele, hubadilisha njiti za gurudumu la nyuma kwa njiti nene, na hutengeneza stendi pana ya kuifanya baiskeli isimame yenyewe ikiwa na mzigo. Haya ni maarifa ya uhandisi yaliyokusanywa kwa vizazi, ingawa hayajaandikwa popote wala hayafundishwi katika vyuo vya ufundi jinsi yanavyostahili. Mpango wowote wa kuleta baiskeli za msaada ambao hauanzi kwa kuwauliza mafundi hawa vipuri gani vinapatikana sokoni, huishia na baiskeli nzuri zilizolala ghalani kwa kukosa tyubu.

== Geita na machimbo ==

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Ardhi yake ina vilima vingi zaidi na mvua nyingi zaidi, na baiskeli si mfalme hapa kama ilivyo Shinyanga. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, katika eneo la Kahama, ulifunguliwa mwaka 2001. Kuuzunguka ukanda huo kuna machimbo mengi ya wachimbaji wadogo, kama Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa. Fedha ya dhahabu huja kwa ghafla na huondoka kwa ghafla, na kijana aliyepata huzoea kununua pikipiki.

Hata hivyo baiskeli ina kazi zake machimboni. Mawe yaliyotolewa kwenye maduara hufungwa kwenye viroba na kupelekwa kwenye karasha, na kiroba cha mawe ni kidogo kwa umbo lakini kizito sana, hivyo mara nyingi baiskeli haipandwi bali husukumwa kama toroli. Maji ya kuchenjulia, chakula cha mama ntilie na mkaa wa wahunzi hufika vilevile. Kwa wachimbaji wasiobahatika, ambao ndio wengi, baiskeli ni chombo cha kurudi nyumbani msimu wa kilimo unapoanza.

Miji ya Geita, Katoro na Kahama imekua haraka kuliko barabara zake. Barabara moja kuu hubeba malori ya mizigo, magari ya migodi, mabasi, bajaji, pikipiki, mikokoteni, ng'ombe wa mnadani na wanafunzi, wote kwenye upana uleule. Kahama iko kwenye barabara inayotoka Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi, na Isaka iliyo jirani ni bandari kavu. Malori yanayopita hapo hayaanzii safari mkoani wala hayaishii mkoani, na madereva wake wengi hawana sababu ya kujua kwamba jioni barabara hiyo huwa njia ya watoto wa shule.

== Lami na mwendo ==

Barabara ya vumbi ilikuwa na ubaya wake, lakini ilikuwa na jambo moja jema: mashimo yaliyalazimisha magari yaende polepole. Lami huondoa mashimo na kuleta mwendo. Mwendesha baiskeli anayefurahia ulaini wa lami anashiriki ulaini huo na lori la tani 30.

Tupige hesabu ndogo. Njia moja ya gari katika barabara kuu huwa na upana wa mita 3.25 hivi. Lori lina upana wa mita 2.5. Zinabaki sentimita 75. Baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa inahitaji angalau mita moja, bila kuhesabu kuyumba kwake na upepo wa lori linalopita. Maana yake lori haliwezi kuipita baiskeli hiyo salama ndani ya njia yake, na ikiwa gari jingine linakuja mbele, mmoja lazima atoke barabarani. Kila mtu anajua atakayetoka ni nani. Nchini Hispania sheria humtaka dereva aache mita 1.5 anapompita mwendesha baiskeli. Kwenye barabara zetu nyingi nafasi hiyo haipo hata dereva akiwa mwungwana.

Jibu la wahandisi ni mabega ya barabara, yaani ukanda wa pembeni nje ya mstari mweupe. Bega likiwa na upana wa kutosha, likiwa na lami laini na likiwa sawa na barabara, waendesha baiskeli hulitumia bila kuambiwa. Lakini mara nyingi bega huwa na kokoto kubwa kuliko za barabarani, au huachwa la changarawe. Maji ya mvua hula ukingo wake na kutengeneza ngazi ya kina cha kiganja, na magari yaliyoharibika huegeshwa juu yake. Ndipo mwendesha baiskeli hurudi kwenye lami, na dereva humpigia honi akidhani ni mkaidi. Anayetaka kujua kama bega fulani linafaa asimwulize mhandisi. Atazame ni upande gani wa mstari mweupe alama za tairi nyembamba zinapita.

Mwendo ndio hatari yenyewe. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari linaloenda kilomita 50 kwa saa lina nguvu karibu mara tatu ya lile la kilomita 30. Kikomo cha kisheria katika maeneo ya makazi Tanzania ni kilomita 50. Kwa mtembea kwa miguu na mwendesha baiskeli, tofauti ya namba hizo mbili mara nyingi ni tofauti ya mguu kuvunjika na kifo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu.

== Baiskeli na wasichana wa sekondari ==

Kuanzia mwaka 2006 shule za sekondari za kata zilijengwa kwa wingi nchini. Ziliileta elimu karibu, lakini kata ya Usukuma ni pana, na karibu ya kwenye ramani si karibu ya miguu ya mtoto. Mwanafunzi anayeishi kilomita 8 kutoka shuleni hutembea karibu saa mbili asubuhi na saa mbili jioni. Anafika amechoka kabla ya kipindi cha kwanza na anarudi kukiwa na giza. Kwa baiskeli safari hiyo ni kama dakika 40. Mwalimu yeyote aliyewahi kushika daftari la mahudhurio katika shule kama hizo anajua kwamba majina yanayokosekana siku za mvua ni yaleyale.

Kwa wasichana umbali una bei nyingine. Mwendesha pikipiki anayetoa lifti ya bure leo na kesho si lazima aendelee kuitoa bure. Viongozi wa serikali, walimu na mashirika ya watoto wamelitaja jambo hili mara nyingi kuwa mojawapo ya njia zinazowafikisha wasichana kwenye mimba na kuacha shule. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 uliuweka mkoa wa Shinyanga, kwa mipaka yake ya wakati huo, juu kuliko mikoa yote kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Baiskeli haiwezi kufuta mahari wala umaskini. Inachoweza ni kumwondolea msichana deni la lifti.

Jimbo la Bihar nchini India lilijaribu jambo hili kwa kiwango kikubwa. Tangu mwaka 2006 serikali ya jimbo iliwapa fedha za kununulia baiskeli wasichana walioingia darasa la tisa. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walikuta kwamba uandikishaji wa wasichana sekondari uliongezeka kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Ongezeko lilikuwa kubwa zaidi katika vijiji vilivyo mbali na shule. Nchini Zambia, ambako mazingira yanafanana zaidi na yetu, shirika la World Bicycle Relief liliwapa wasichana wa vijijini baiskeli imara zenye keria ya mizigo, na utoro ukapungua kwa zaidi ya robo.

Mpango wa Zambia haukuishia kwenye kugawa. Kulikuwa na kamati za shule na wazazi za kusimamia baiskeli, mikataba iliyosainiwa na familia, na mafundi waliofundishwa karibu na shule. Hilo ni la muhimu kwa Usukuma pia, maana swali gumu haliko barabarani bali nyumbani: baiskeli ya binti ni ya nani siku ya mnada? Mahali ambapo hakuna makubaliano ya wazi, kaka huichukua Jumatatu, baba huichukua Alhamisi, na binti hurudi kwenye miguu yake. Kumwona mwanamke juu ya baiskeli si ajabu katika vijiji vya Shinyanga kama ilivyo katika baadhi ya mikoa mingine, na huo ni mtaji wa kitamaduni ambao hauhitaji mfadhili.

Shule nayo ina sehemu yake. Banda la kuegeshea, lenye paa, bomba la chuma la kufungia kufuli na nafasi ya mlinzi kuliona, hugharimu kidogo sana likilinganishwa na darasa. Bila hilo baiskeli huachwa juani, tyubu hupasuka, na vipuri huibwa.

== Miundombinu inayofaa ==

Tanzania imewahi kujaribu. Katika miaka ya 1990 mradi uliohusisha Benki ya Dunia ulijenga njia za majaribio za watembea kwa miguu na baiskeli Temeke, Dar es Salaam, na mjini Morogoro. Barabara za mabasi yaendayo haraka zilizoanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2016 zilijengewa pia njia za baiskeli pembeni, ingawa pikipiki na wafanyabiashara huzitumia zaidi. Katika shule za msingi za Dar es Salaam shirika la Amend limejenga matuta, vivuko na njia za miguu kwenye maeneo hatarishi, na kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Vitu vilivyojengwa ni vya kawaida kabisa: zege, rangi, nguzo na moramu.

Kwa Shinyanga na Kahama kinachohitajika zaidi ni njia ya pamoja ya baiskeli na miguu sambamba na barabara kuu, kuanzia pale makazi yanapoanza hadi yanapoisha. Upana wa mita 2.5 hadi 3 unatosha watu wapishane wakiwa na mizigo. Itenganishwe na barabara kwa mtaro au ukingo, kwa sababu mstari wa rangi peke yake hugeuka maegesho. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zimetenga hifadhi ya mita 30 kila upande wa barabara kuu, kwa hiyo ardhi ipo. Miti ipandwe kando yake. Katika jua la Oktoba la Shinyanga kivuli ni sehemu ya miundombinu kama ilivyo lami.

Sehemu zinazosahaulika ni madaraja na makalavati. Barabara yenye mabega mapana hubanwa ghafla kwenye kalavati, na mwendesha baiskeli hujikuta ameingizwa mbele ya lori bila onyo. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025 kuunganisha Mwanza na upande wa Sengerema na Geita, lina njia ya watembea kwa miguu kila upande. Ikiwa hilo limewezekana juu ya maji ya ziwa, haliwezi kuwa gumu juu ya mto wa msimu.

Matuta na vivuko vilivyoinuliwa mbele ya shule na masoko hupunguza mwendo usiku na mchana bila askari. Vijiwe vya daladala vichorwe kwenye ramani za mji kama vinavyochorwa vituo vya mabasi, vipewe paa na nafasi ya kuingia na kutoka bila kukata barabara kuu. Njia za mkato ambazo watu wamezichora kwa miguu yao, kati ya mtaa na mtaa, zilindwe viwanja vinapopimwa. Mara nyingi ndizo njia salama kuliko zote, nazo hupotea siku beberu la kwanza la zege linaposimamishwa.

Uholanzi hutajwa kila baiskeli zinapozungumzwa, kana kwamba Waholanzi walizaliwa na njia zao. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa katika barabara za nchi hiyo, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani katika harakati iliyoitwa "Stop de Kindermoord", yaani "Komesheni mauaji ya watoto", na njia zinazosifiwa leo zilitokana na shinikizo hilo. Nao pia walikuwa na waendesha baiskeli kabla ya kuwa na njia za kutosha.

== Fedha na maamuzi ==

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS; za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Miji ya Shinyanga na Geita iliingizwa katika mpango wa kuboresha miji 18 uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mradi uliofuata, TACTIC, unahusu miji 45 ikiwemo ya ukanda huu. Barabara za mitaa zilizojengwa kwa miradi hiyo, zenye taa, mitaro na njia za miguu, ni ushahidi kwamba mkandarasi hujenga kinachoandikwa kwenye mkataba.

Ukanda wa dhahabu una vyanzo ambavyo mikoa mingine haina. Makampuni hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mauzo yao. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Kwa kawaida fedha hizo hujenga madarasa, zahanati na nyumba za walimu, na ni sawa. Lakini darasa lisilofikika halimfai mwanafunzi wa kilomita 8, na ni nadra kusikia diwani akiomba banda la baiskeli au kilomita mbili za njia ya pembeni.

Barabara ya Kahama hadi Kakola, kilomita 73 kuelekea mgodi wa Bulyanhulu, imepangiwa lami kwa fedha zinazotoka kwa kampuni ya Barrick. Inapita katika vijiji ambavyo watu wake wanakwenda kwa baiskeli, na itakuwa na malori ya mgodi yenye mwendo ambao barabara ya vumbi haikuruhusu. Upana wa bega, mahali pa vivuko na urefu wa kila kalavati huamuliwa kwenye mchoro. Baada ya lami kumwagwa, kuongeza mita moja pembeni kunahitaji kupanua tuta zima la barabara, kuhamisha mitaro na kurefusha makalavati yote, na gharama yake hulingana na kujenga upya.